Uniti ya 76

Kabla hujakopa kununua friji, sola au mashine ya pili ya kukoboa mpunga, fungua kwanza ujumbe wa tokeni uliyonunua mwisho. Tazama kiasi cha pesa ulicholipa. Kama mwezi huo ulikatwa kodi ya jengo, Sh 1,500, itoe. Kinachobaki gawanya kwa idadi ya uniti ulizopewa. Ukipata kama Sh 122 kwa uniti, uko daraja la D1. Ukipata kama Sh 356, uko T1. Jirani mnayepakana ukuta, anayepata umeme kutoka transfoma ileile, anaweza kuwa analipa karibu mara tatu ya bei yako, na wote wawili mkaamini kwamba hiyo ndiyo bei ya umeme Kiberege.

Wengi hapa katika Bonde la Kilombero huuliza ni kifaa gani kinakula umeme kidogo. Ni swali la maana, ila linatanguliwa na jingine: uniti yangu ya mwisho katika mwezi inanigharimu shilingi ngapi? Asiyejua jibu hilo anaweza kununua sola isiyomlipa, akaacha ile ambayo ingemlipa, au akafunga mashine mbili mahali ambapo moja ingemwingizia faida zaidi.

Bei ninazopigia hesabu katika makala haya ni zile zilizotangazwa na mdhibiti wa nishati, EWURA, na kuanza kutumika Aprili 2016. Daraja la D1 ni la matumizi madogo ya nyumbani: uniti 75 za mwanzo wa mwezi ni Sh 100 kila moja, na kuanzia ya 76 bei inaruka hadi Sh 350. Daraja la T1 linachukua nyumba zenye matumizi makubwa zaidi, maduka, saluni, mafundi wa kuchomelea na mashine nyingi za kukoboa na kusaga. Humo kila uniti ni Sh 292 tangu ya kwanza. Juu ya bei hizo kuna VAT asilimia 18, tozo ya umeme vijijini (REA) asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1. Ndipo Sh 100 inapokuwa 122, Sh 292 inakuwa 356, na Sh 350 inakuwa 427.

Sasa tazama tofauti ilivyo kubwa. Uniti 75 kwa mteja wa D1 ni Sh 9,150. Uniti hizohizo kwa mteja wa T1 ni takriban Sh 26,700. Ukiwa D1 ukapitiliza mwezi mmoja, si balaa: uniti kumi za ziada ni Sh 4,270. Balaa ni kuzoea kupitiliza, kwa sababu anayezidisha uniti 75 mwezi baada ya mwezi huhamishiwa T1, na huko hata zile uniti 75 za mwanzo huzilipia bei kamili. Kurudi D1 si jambo la siku moja. Kwa hiyo mwenye D1 ailinde. Siku thelathini ukizigawia uniti 75 unapata uniti mbili na nusu kwa siku. Kumbuka pia kwamba LUKU, mfumo wa kununua umeme kwa tokeni, huhesabu ulichonunua ndani ya mwezi, si ulichotumia. Ukinunua uniti nyingi tarehe 28 kwa kuogopa kuishiwa safarini, unaweza kulipia Sh 427 kitu ambacho tarehe mosi ungekilipia Sh 122.

Wanaoumia zaidi na mpango huu ni wapangaji. Fikiria nyumba ya vyumba sita yenye familia tatu, kila moja ikitumia uniti 60 kwa mwezi. Kila familia peke yake ni ya D1 bila shaka. Lakini mita ni moja, inaonyesha uniti 180, na hivyo iko T1. Mwezi ukiisha wamelipa pamoja kama Sh 64,000. Kila familia ingekuwa na mita yake, jumla ingekuwa Sh 21,960. Zaidi ya Sh 42,000 zinapotea kila mwezi katika nyumba moja, na wanaozipoteza ni wale ambao bei ya Sh 100 iliwekwa kwa ajili yao. Wakati huohuo mtu mwenye kipato kizuri, anayeishi peke yake na kupikia gesi, anakaa D1 kwa raha. Naliona jambo hili kuwa kasoro kubwa kuliko zote katika bei zetu za umeme, kwa sababu linamkosa maskini aliyelengwa na kumfikia asiyehitaji.

Ushauri wangu kwa wapangaji na wenye nyumba ni wa wazi: ombeni mita tofauti. Vijijini gharama ya kuunganishwa ni Sh 27,000, na kwa mfano wetu mita mbili za nyongeza zinarudisha pesa yake ndani ya miezi miwili. Ifakara mjini, ambako tangu 2022 kuunganishwa bila kuhitaji nguzo ni Sh 320,960, mita mbili zinarudisha pesa baada ya miezi kumi na tano hivi. Mwenye nyumba akisita, kaeni naye mgawane gharama kwa maandishi, ikatwe kwenye kodi ya chumba. Zile mita ndogo za dukani ambazo fundi huzifunga ndani ya nyumba zinapunguza ugomvi wa nani katumia nini, lakini hazibadilishi daraja: mita ya shirika la umeme, TANESCO, inabaki moja na bei inabaki ya T1. Na mita zikiwa nyingi, angalieni kodi ya jengo isikatwe kwenye kila mita kwa jengo lilelile. Deni hilo ni la mwenye jengo, na mpangaji anayekatwa ana haki ya kudai kurudishiwa.

Tuje kwenye kupika. Vijiji vilivyo chini ya Milima ya Udzungwa vinajua ugumu wa kuni tangu Julai 2011, ruhusa ya kuokota kuni ndani ya hifadhi ya taifa ya milima hiyo ilipositishwa. Mkaa nao hutoka mbali zaidi kila mwaka. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimeagizwa kuacha kuni na mkaa. Haya yote yanamgusa mama mwenye jiko moja la mkaa barazani, na swali lake ni moja tu: umeme utanimaliza?

Jibu linategemea jiko na daraja. Jiko la koili la wati 1,500 likichemsha maharage saa mbili limekula uniti tatu, yaani zaidi ya mgawo wa siku nzima wa mteja wa D1. Jiko la presha la umeme la wati 1,000 huzima na kuwaka lenyewe, na hata lingewaka mfululizo saa nzima lisingezidi uniti moja. Kwa maharage, makande na wali, ndilo la kununua. Chapati na ugali zibakie kwenye gesi au mkaa kwa sasa, maana hapo jiko la presha halikusaidii.

Sasa pigeni hesabu ya nyumba. Taa tano za LED, televisheni ndogo na feni moja, zikitumiwa kwa kawaida, hula kama uniti moja kwa siku. Nyumba isiyo na friji inabakiwa na uniti moja na nusu ya kupikia kila siku bila kutoka D1. Hapo jiko la presha ni ununuzi mzuri, na usichelewe. Nyumba yenye friji ni tofauti. Friji ndogo hula uniti moja au zaidi kwa siku. Ukiongeza kupika kwa umeme unafika uniti tatu kwa siku, 90 kwa mwezi. Umevuka kwa uniti 15 tu, lakini ukihamishiwa T1 utalipa kama Sh 32,000 badala ya Sh 9,150 za uniti 75.

Hapa ndipo sola ndogo inapopata thamani ambayo wauzaji wengi hawaielezi. Chukua mfano wa sola yenye paneli ya wati 300, betri na kibadilishaji umeme, na tuseme jumla ni Sh 900,000. Weka bei halisi utakayopewa dukani. Paneli hiyo katika jua letu inaweza kutoa kama uniti 36 kwa mwezi. Nyumba iliyo D1, isiyokaribia uniti 75, inaokoa Sh 122 kwa kila uniti, yaani kama Sh 4,400 kwa mwezi, na itachukua miaka 17 kurudisha pesa. Betri itakuwa imekufa zamani. Nyumba hiyo isinunue sola kwa hoja ya kuokoa pesa. Ikinunua, iwe ni kwa ajili ya usiku umeme unapokatika, na kwa hilo taa mbili na chaji ya simu zinatosha, bila kibadilishaji kikubwa. Duka au saluni ya T1 inaokoa karibu Sh 12,800 kwa mwezi, na pesa inarudi kwa miaka sita hivi, kama betri ni nzuri. Lakini nyumba ya uniti 90, ikihamishia taa, televisheni na feni kwenye sola na kubaki na uniti zisizozidi 75 za TANESCO, inashuka kutoka Sh 32,000 hadi Sh 9,150 au chini ya hapo. Sh 22,900 au zaidi zinabaki mfukoni kila mwezi, na miaka mitatu na kidogo inatosha kurudisha ile laki tisa. Paneli ni ileile na jua ni lilelile. Kinachotofautisha ni mahali uliposimama kwenye ngazi ya bei.

Wanaonunua sola kwa kulipa kidogo kidogo kwa simu wajumlishe malipo yote hadi siku ya mwisho, kisha wailinganishe jumla hiyo na bei ya taslimu. Waulize pia betri ikifa kabla ya deni kuisha, nani anaibadilisha.

Wenye mashine za kukoboa wanahitaji kusikiliza kwa makini zaidi, maana kwao kosa la daraja linahesabiwa kwa malaki. Mashine nyingi za bondeni zinaendeshwa kwa umeme wa njia tatu na ziko T1. Matumizi yakizidi uniti 7,500 kwa mwezi unaingia T2. Kwa haraka T2 inavutia: uniti ni Sh 195 badala ya 292, kabla ya kodi na tozo. Lakini kuna malipo mengine mawili: Sh 14,233 ya huduma kila mwezi, na Sh 15,004 kwa kila kVA ya kilele chako, yaani ule umeme mwingi zaidi uliouvuta kwa wakati mmoja katika mwezi huo. Mita inakumbuka kilele hicho hata kama kilitokea siku moja.

Tuseme una mashine mbili na mwezi wa Julai, mpunga ukiwa umefurika, umetumia uniti 8,000. Ungekuwa T1 ungelipa Sh 2,336,000 kabla ya kodi. Kwenye T2, kama uliziendesha kwa kupokezana na kilele chako ni kVA 40, unalipa Sh 1,560,000 za uniti, Sh 600,160 za kilele na ile ya huduma: jumla Sh 2,174,393. Umepata nafuu. Kama uliziwasha zote pamoja na kilele kikafika kVA 60, jumla ni Sh 2,474,473. Umepata hasara, kwa uniti zilezile na mpunga uleule. Kwa uniti 8,000 mpaka wa faida uko kama kVA 50.

Halafu unakuja mwezi wa Januari. Wakulima wako shambani, mpunga wa kukoboa ni wa kubahatisha, umetumia uniti 500 tu. Lakini siku moja alikuja mteja mwenye haraka, ukawasha mashine zote mbili. Kwa T2 mwezi huo unaweza kukugharimu zaidi ya Sh 1,000,000. Kwa T1 ungekuwa Sh 146,000. T2 ni daraja la kiwanda kinachofanya kazi mwaka mzima, na biashara ya bonde letu ni ya msimu. Kwa hiyo kabla ya kuagiza mashine ya pili, nenda ofisi ya TANESCO ukiwa na rekodi ya matumizi yako ya miezi kumi na miwili, uulize utawekwa daraja gani na lini utapitiwa upya. Ukishaingia T2, mkabidhi mtu mmoja swichi zote: mashine zisianze pamoja, na msimu wa kazi chache iwake moja tu. Mwambie fundi apime kama kapasita zinahitajika, kwa sababu mota isiyo nazo huvuta kVA nyingi kuliko kazi inayofanya, na wewe unazilipia. Na usifunge mota bila kinga ya umeme mdogo. Mota iliyoungua mwezi wa sita inakula faida ya msimu mzima.

Wapo wanaotaka kurudi kwenye injini ya dizeli kwa hasira ya kukatika umeme. Jenereta dogo hula walau theluthi ya lita kwa kila uniti. Hata dizeli ingekuwa Sh 2,500 kwa lita, uniti ingekugharimu zaidi ya Sh 800, mara mbili na zaidi ya T1. Iwe akiba ya siku mbaya, isiwe tegemeo.

Sasa nije kwenye swali linaloulizwa kila kijiwe: maji ni yetu, mbona bei ni ya wote? Kidatu, megawati 204, iko jirani yetu na ilianza kuzalisha 1975. Kihansi, megawati 180, iko kwenye ukingo wa Udzungwa. Mto Kilombero wenyewe huchangia zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji, yanayozungusha mitambo tisa ya Bwawa la Nyerere yenye megawati 2,115. Na bonde limelipa gharama zake: kule Kihansi maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, chura mdogo asiyepatikana popote pengine duniani alitoweka porini, na 2009 akatangazwa hivyo rasmi. Lakini umeme wa maji una tabia yake. Bwawa likijaa, uniti moja zaidi karibu haigharimu kitu kuizalisha. Gharama iko kwenye ujenzi uliokwisha kulipwa au unaolipwa, na kwenye nyaya, transfoma na vituo vya kupoza umeme. Machi 2024, mara baada ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere kuanza kazi, TANESCO ilizima vituo vitano vya maji kwa sababu umeme ulizidi mahitaji, ilhali wiki chache kabla yake tulikuwa kwenye mgawo. Mwaka mmoja baadaye serikali ikaeleza nia ya kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya Kaskazini, kwa sababu kuusafirisha kutoka huku hadi kule kunapoteza mwingi njiani. Umeme kuwepo bwawani ni jambo moja, na kukufikia ukiwa imara ni jambo jingine.

Bei moja nchi nzima ni uamuzi wa kisiasa, na mimi nauunga mkono, kwa sababu bila huo vijiji vilivyo mbali na mabwawa visingeona umeme. Ila jueni kwamba bei hii imeshikiliwa. Mwisho wa Desemba 2016 EWURA iliidhinisha ongezeko la asilimia 8.5. Waziri wa Nishati, Profesa Sospeter Muhongo, akalisitisha, na siku ya mwaka mpya Rais Magufuli akamwondoa mkurugenzi mtendaji wa TANESCO, Felchesmi Mramba. Kenya bei hubadilika mwezi hadi mwezi kwa kufuata mafuta na thamani ya fedha. Sisi vitu vyote vimepanda na uniti imekaa palepale. Ni nafuu kwetu leo, lakini bei isiyotosha gharama hulipwa kwa namna nyingine: transfoma inayochelewa kubadilishwa, nguzo inayooza, umeme mdogo saa za jioni. Anayechukua mkopo wa miaka mingi kwa biashara ya umeme asipige hesabu kana kwamba bei ya 2016 itadumu. Ajaribu hesabu yake kwa bei iliyopanda kwa robo, aone kama bado anasimama.

Ukiona umehamishiwa T1 bila matumizi kukuhamisha, andika barua kwa TANESCO yenye namba ya mita na orodha ya manunuzi ya miezi iliyopita, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Usipojibiwa, ipeleke EWURA. Baraza la watumiaji, EWURA CCC, lipo kwa ajili ya kumsaidia mwananchi katika hatua hizo.

EWURA inapopokea ombi la kubadili bei huitisha taftishi, yaani kikao cha kusikiliza maoni ya wananchi, na maoni ya maandishi hupokelewa pia. Hapo ndipo watu wa Kilombero tunapaswa kufika na risiti mkononi. Uganda, tangu 2022, ina bei ya kupikia: uniti ya 81 hadi ya 150 kwa mwezi hulipiwa chini ya zile za 16 hadi 80. Kwetu anayeacha mkaa na kuvuka uniti 75 anapigwa bei ya juu kuliko zote za nyumbani, halafu anaambiwa ahamie nishati safi. Tuombe mambo mawili. Uniti za 76 hadi 150 zipewe bei ya kupikia badala ya Sh 350, angalau kwa miaka ya mkakati huu, wakati mabwawa yana umeme wa kutosha. Na nyumba ya wapangaji ihesabiwe kwa idadi ya familia zilizomo, au mita ya pili na ya tatu katika nyumba moja ya mjini itozwe Sh 27,000 kama kijijini.